Mapigo Yaliyotulia: Kisa cha Nahodha, Digoksini na Verapamili

Bi mkubwa huhesabu mapigo ya moyo wa mumewe kwa tasbihi. Muuguzi alimfundisha miaka sita iliyopita: ashike kifundo cha mkono, atazame saa ya ukutani, ahesabu dakika nzima. Namba zilimponyoka kila mara, basi akachukua tasbihi yake ya shanga 33 akawa anasukuma shanga moja kwa kila pigo. Kwa miaka yote hiyo mapigo ya Nahodha hayakuwahi kwenda kwa mpango. Mawili ya haraka, moja linachelewa, matatu yanafuatana, kisha kimya. Ndiyo hali ya moyo wake: vyumba vya juu vinatetema badala ya kupiga.

Asubuhi ile ya Jumanne nilipoitwa nyumbani kwao Langoni, jambo la kwanza aliloniambia alilisema kwa furaha. "Mwanangu, kutapika kunamsumbua, lakini moyo wenyewe umetulia. Leo wenda sawasawa kama saa." Tasbihi ilikuwa bado kiganjani mwake. Mzunguko mmoja na shanga tano.

Mapigo 38, yaliyonyooka. Nilihisi baridi mgongoni.

Mimi ni mfamasia, hapa Lamu, na kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya wenyewe, nikiwa nimegeuza mambo machache ili wasitambulike. Nakiandika kwa sababu dawa mbili zilizomlaza Nahodha zote zinashughulika na kitu kimoja, kalsiamu ndani ya misuli ya moyo. Moja, digoksini, huiongeza; nyingine, verapamili, huizuia isiingie. Mtu akilisikia hilo harakaharaka atadhani zikikutana zitafutana, mambo yatakuwa sawa. Wenzangu wa kazi niliozungumza nao baadaye, baadhi yao wamesoma kuliko mimi, walidhani hivyo hivyo.

Alivyofika hapo

Nahodha ana miaka 72. Ujana wake aliumaliza kwenye majahazi, akipakia boriti za mikoko. Presha iliyokaa miaka mingi bila kutibiwa iliuchosha moyo. Ultrasaundi aliyofanyiwa Mombasa ilionyesha kwamba chumba cha chini cha kushoto husukuma asilimia 30 tu ya damu iliyomo kila kinapojikunja, ambapo moyo wenye afya husukuma zaidi ya nusu. Ana pumu tangu utotoni, ndiyo maana daktari wake aliogopa kumpa dawa za jamii ya propranololi, ambazo hutuliza mapigo ila huweza kuchochea pumu. Alikuwa anatumia furosemidi ya mkojo 40 mg mara mbili kwa siku, enalaprili ya presha, warfarini ya kuzuia damu isigande, na digoksini 0.25 mg kila asubuhi.

Kipimo hicho cha digoksini kwa mzee wa umri wake, mwenye figo zilizokwisha kuanza kuchoka, kilikuwa kikubwa. Nilikipita kila mwezi nikimpimia vidonge vyake kwa sababu kilikuwa kimezoeleka.

Alikwenda Mombasa kwenye harusi ya mjukuu. Mfuko wa dawa ulisahaulika juu ya kitanda. Siku nne bila digoksini, chakula cha harusi chenye chumvi, kukesha: usiku wa nne moyo ukamwenda mbio hata akashindwa kulala chali. Zahanati waliyompeleka ilimkuta na mapigo 140. Aliulizwa anatumia dawa gani, akajibu kwa ukweli wake: ya presha, ya mkojo, na kile kidogo cheupe. Kwa kuwa ana pumu, daktari hakuthubutu kumpa propranololi. Akampa verapamili 80 mg, mara tatu kwa siku. Simlaumu kama watu wanavyotaka nimlaumu. Kwa mwenye pumu ambaye moyo wake unakimbia, verapamili ni chaguo la vitabuni kabisa. Sharti lake ni kwamba msuli wa moyo uwe na nguvu, na hilo halikujulikana pale.

Mapigo yalishuka. Nahodha akarudi Lamu amefurahi, akauokota mfuko wake wa zamani, akaendelea na vyote. Siku ya pili ya kurudi kwake alipita dukani kwangu kuchukua digoksini ya mwezi. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamuuliza habari za harusi, bwana harusi, biriani. Sikumuuliza alipewa dawa gani alikokwenda. Kikaratasi cha verapamili kilikuwa mfukoni mwa kanzu yake, nusu mita kutoka mkononi mwangu.

Siku ya tano chakula kilianza kumchukiza. Ya nane akawa anatapika. Ya kumi alimuuliza mkewe kanzu yake ya Ijumaa imefuliwa kwa nini hata ikawa ya manjano. Bi mkubwa akaitazama: nyeupe. "Basi ni mato yangu," akasema, akaivaa. Ya kumi na mbili ndiyo Jumanne ile.

Kinachopita ndani ya seli

Kisa hiki hakieleweki bila kuingia ndani kidogo, na ndani kwenyewe kunapendeza.

Nje ya seli ya moyo kuna kalsiamu nyingi, takriban mara 10,000 ya ile iliyo huru ndani seli ikiwa imepumzika. Umeme wa pigo unapopita juu ya utando, milango maalumu ya kalsiamu hufunguka na kiasi kidogo huingia. Kiasi hicho hakitoshi kuukunja msuli. Kazi yake ni kubisha hodi kwenye ghala lililo ndani ya seli, ambalo nalo hufunguka na kumwaga kalsiamu yake. Kwa ghafla kalsiamu ndani ya seli hupanda kama mara kumi. Inashika protini iitwayo troponini, troponini inasogeza kizuizi, nyuzi za aktini na miosini zinakamatana na kuvutana. Moyo umepiga.

Kisha lazima itoke, tena upesi, la sivyo moyo hautalegea ukapokea damu ya pigo linalofuata. Sehemu kubwa, kama asilimia 70, hurudishwa ghalani na pampu ya ghala. Karibu yote iliyobaki hutolewa nje ya seli na mlango wa kubadilishana: sodiamu tatu zinaingia, kalsiamu moja inatoka. Mlango huu hauna nguvu yake wenyewe. Unaishi kwa tofauti ya sodiamu kati ya nje na ndani, na tofauti hiyo hulindwa na pampu nyingine, ile ya sodiamu na potasiamu, aliyoieleza Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957.

Kwamba moyo hauwezi kupiga bila kalsiamu ya nje ni jambo lililogunduliwa London na Sydney Ringer, naye aligundua kwa bahati. Alikuwa akiuweka hai moyo wa chura katika maji ya chumvi, na moyo ulikuwa ukiendelea vizuri. Ikaja kujulikana kwamba maji yaliyotumika hayakuwa yale yaliyosafishwa bali ya bomba la mjini, yenye chokaa. Alipotumia maji safi kabisa, moyo ulinyamaza. Mwaka 1883 aliandika kwamba ni kalsiamu. Nami kila nikiona birika za zamani za Lamu zilivyopakwa chokaa humkumbuka chura yule.

Sasa digoksini. Hiyo huikamata pampu ya Skou na kuizuia kwa kiasi. Sodiamu inabaki ndani zaidi ya kawaida, tofauti inapungua, mlango wa kubadilishana unalegea, kalsiamu kidogo iliyopaswa kutoka inabaki na kurudishwa ghalani. Pigo hadi pigo ghala linajaa zaidi, na kila likifunguka linamwaga zaidi. Moyo mchovu unapata nguvu. Pamoja na hilo digoksini huuamsha neva wa vagasi, unaotuliza moyo, na ule mzani wa katikati ya moyo, fundo linalopitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, hupunguza kasi. Kwa Nahodha ambaye vyumba vyake vya juu vinatetema mara mia kadhaa kwa dakika, huo ndio ulikuwa msaada mkubwa zaidi: fundo likiwa zito, chumba cha chini hakipigwi bakora ovyo.

Verapamili hukaa upande mwingine kabisa. Huingia kwenye milango ya kalsiamu ya utando na kuiziba. Albrecht Fleckenstein, huko Freiburg Ujerumani, aliona katika miaka ya 1960 kwamba moyo uliopewa verapamili hufanana na moyo ulionyimwa kalsiamu: umeme unapita, lakini msuli haujibu kwa nguvu. Tena dawa hii huuziba mlango pale unapokuwa wazi, kwa hiyo kadiri milango inavyofunguka mara nyingi ndivyo inavyozibwa zaidi. Fundo la katikati linalokimbizwa hutulizwa vizuri sana. Ila chumba cha kushoto kinachosukuma asilimia 30, ambacho kila chembe ya kalsiamu ina thamani kwake, nacho hunyimwa.

Ndipo unapoona kwa nini hazifutani. Katika nguvu ya msuli zinavutana, kweli. Lakini kwenye fundo zinasukuma upande mmoja, zote zinaliongezea uzito. Na kuna jambo la tatu ambalo halihusu moyo kabisa: verapamili huizuia protini inayoisukuma digoksini nje kupitia figo na utumbo. Ndani ya wiki ya kwanza, digoksini katika damu hupanda kwa asilimia 50 hadi 75, ijapokuwa mgonjwa hakuongeza hata kidonge kimoja. Nahodha alikuwa akimeza 0.25 mg ileile, mwili ukawa kama umepewa karibu mara mbili. Akatapika, akakauka, figo zikapungua kasi, digoksini ikabaki zaidi. Furosemidi ikaendelea kumwaga potasiamu, na potasiamu ndiyo inayogombea kiti na digoksini kwenye ile pampu. Ikipungua, digoksini hukaa kwa nafasi.

Ukizidi mpaka, ghala lililojaa kupita kiasi huanza kuvuja bila kuambiwa. Kalsiamu iliyovuja hutolewa na mlango wa kubadilishana, na kwa kuwa sodiamu tatu huingia kwa kila kalsiamu moja, umeme chanya unajijenga ndani ya seli na kuzua pigo lisilotarajiwa. Moyo uliosumishwa na digoksini kwa hiyo unaweza kufanya mambo mawili yanayopingana kwa wakati mmoja: fundo limekufa ganzi, huku msuli wa chini unajipigia mapigo yake wenyewe.

Sumu hii pwani inaijua zamani. Wagiriama na Waata wa bara yetu walichemsha mti wanaouita wengine mchungu, ambao wataalamu huuita Acokanthera, wakapaka mishale. Kilichomo ni ouabaini, jina lililotoka kwenye neno la Kisomali la sumu ya mshale, nayo huikamata pampu ileile ya sodiamu. Mnyama alianguka kwa moyo kushindwa kulegea na kupanga mapigo yake. John Kirk, yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alipokuwa katika safari ya Livingstone ya Zambezi aliutia mswaki wake mfuko mmoja na sumu ya mishale iitwayo kombe, itokayo kwenye mmea mwingine. Alipopiga mswaki akasikia uchungu, akajipima na kukuta mapigo yake yamepungua. Kutoka hapo ikapatikana dawa ya moyo. William Withering wa Uingereza naye, mwaka 1785, alikuwa ameshaandika juu ya ua la dijitalisi, jamii ya mimea inayotoa digoksini, na akaonya waziwazi kuhusu kutapika, kuona manjano na mapigo kuzama. Dalili alizoziandika ndizo alizokuwa nazo Nahodha, moja baada ya moja.

Usiku wa wadi

Walimbeba kwa machela hadi barabara ya bahari, punda wakipishwa, na kutoka hapo hospitalini. Presha 84 kwa 50. Mikono baridi. Chini ya mapafu maji yalikuwa yakisikika. Potasiamu 3.1, chini ya kawaida. Kreatinini, kipimo cha figo ambacho hupanda zikichoka, 168; miezi mitatu kabla ilikuwa 120.

Karatasi ya ECG, mchoro wa umeme wa moyo, iliyotoka kwenye mashine niliishika mwenyewe. Mstari wa chini ulikuwa bado unatetema: vyumba vya juu havikupona. Mapigo makubwa yalikuwa yamepangika kwa umbali ule ule, kama boriti zilizopangwa bandarini. Maana yake ni moja. Umeme wa juu haukuwa ukipita tena hata kidogo, na chini ya fundo kituo cha akiba kilikuwa kimeshika usukani peke yake, polepole, kwa mwendo wake. Baada ya kila pigo mstari ulibonyea kama kamba iliyolegea kati ya nguzo mbili, alama ya mtu anayetumia digoksini.

Moyo wenye mtetemo wa vyumba vya juu ukitulia ghafla na kuwa wa polepole, kwa mtu anayemeza digoksini, hiyo si nafuu. Hata kama sitakumbukwa kwa lolote jingine katika kazi hii, hilo moja nataka kila muuguzi na kila mke anayehesabu kwa tasbihi alijue.

Afisa wa kliniki aliyekuwa zamu, kijana makini sana, alisimamisha digoksini, verapamili, enalaprili na furosemidi papo hapo. Akampa atropini 0.6 mg, kisha nyingine. Mapigo yakapanda hadi 46, yakarudi 40. Potasiamu tukaanza kuirudisha kwa dripu, pole sana, 10 mmol kwa saa, kwa sababu potasiamu nyingi nayo hulifunga fundo.

Kisha ukaja mjadala ambao sitausahau. Kwenye kabati kulikuwa na kalsiamu glukoneti. Kwa mtu aliyezidiwa na verapamili, kalsiamu ya sindano ni miongoni mwa dawa za mwanzo: milango ikiwa imezibwa, ukiongeza kalsiamu nje, michache iliyobaki wazi itaingiza zaidi. Lakini kwa mtu aliyesumishwa na digoksini, vizazi vya madaktari vimefundishwa kwamba kalsiamu ni mwiko. Ghala limejaa tayari, ukiongeza moyo utakaza na usilegee tena, "moyo wa jiwe". Nahodha alikuwa na vyote viwili.

"Dada, wewe wasemaje?" kijana akaniuliza, chupa mkononi.

Nilikuwa nimelisoma suala hili, si kwa sababu ya werevu, bali kwa sababu kosa langu la kumpa digoksini bila kumuuliza lilikuwa limenitoa usingizi tangu asubuhi na nilikuwa nimeshinda nikisoma. Mwiko ule umesimama juu ya ripoti chache za miaka ya 1930. Mwaka 2011 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mafaili ya wagonjwa waliosumishwa na digoksini. 23 kati yao walikuwa wamepewa kalsiamu, hakuna aliyepata mvurugiko wa hatari wa mapigo ndani ya saa moja, wala vifo vyao havikuzidi vya wenzao. Wagonjwa 23 ni wachache. Hawatoshi kusema kalsiamu ni salama kwa kila mtu, ila wanatosha kuupunguza woga pale ambapo kuna sababu ya kweli ya kuitoa. Na sababu tulikuwa nayo: presha 84, kwa moyo uliozibiwa milango.

Tulikubaliana. Mililita 10 za mchanganyiko wa asilimia 10, kwa dakika ishirini, macho yote kwenye skrini.

Dakika ya kumi na tano presha ilikuwa 96 kwa 58. Mikono ikaanza kupata joto. Mapigo? 40. Yaleyale 40. Hapo ndipo nilipoona kwa macho kile nilichokuwa nimekisoma tu: nguvu ya msuli na mwendo wa umeme ni mambo mawili. Kalsiamu ilirudisha nguvu kwa sehemu, fundo halikujibu.

Dawa ya kweli ya digoksini ni kingamwili zinazotengenezwa kwa damu ya kondoo, ambazo huinasa digoksini katika damu na kuiondoa kwenye pampu. Ziliripotiwa kumwokoa mgonjwa mwaka 1976. Hatukuwa nazo, na usiku ule zisingetufikia. Betri ya muda ya moyo, ile inayoupigisha moyo kwa umeme, maana yake ilikuwa Mombasa: boti hadi Mokowe, kisha gari saa nyingi, na mgonjwa ambaye msukosuko mmoja ungeweza kumwangusha. Tulipima tukaamua asubiri alfajiri, adrenalini ikiwa tayari kando iwapo presha itashuka tena. Ilikuwa hesabu ya saa. Verapamili iliyomezwa kwa siku nyingi hupungua nusu ndani ya saa tano hadi kumi na mbili, kwa hiyo kufikia kesho yake mchana mkono mmoja ungekuwa umeachia. Digoksini kwenye figo nzuri hupungua nusu kwa siku moja na nusu hadi mbili. Kwenye figo kama zake huweza kufika siku nne. Mkono huo ungekaa.

Nilikaa. Kwenye saa nane usiku akafungua macho na kuniuliza kilichompata. Nikamwambia kwa lugha yake: moyo wako ni chombo, kalsiamu ni maji yanayoingia ngamani, kuna watu wanaoyakumba. Kile kidonge kidogo cheupe kimemchosha mkumbaji mmoja, kile cha Mombasa kimeziba matundu.

Akafikiri. "Mwanangu, chombo kikizibwa matundu na mkumbaji akalala, si ndiyo heri? Mai hayaingii."

Swali lilikuwa zuri kuliko mfano wangu. Ikabidi nikubali kwamba mfano umevunjika, maana chombo hakitaki maji na moyo unaitaka kalsiamu: lazima iingie, lazima itoke, kila pigo. Akanyamaza kidogo. "Basi si mai. Ni upepo. Ukizidi watuvundia mlingoti, ukikata twalala bahari." Tangu siku hiyo nauacha wa maji, natumia wake.

Dawa ya Bi mkubwa

Kesho yake presha ilikuwa 108, mapigo 44. Bi mkubwa alinishika mkono kando ya kitanda, akatoa kwenye mkoba kipakiti chake mwenyewe. "Na yangu hii waliniambia vilevile yafunga kalsiamu. Niitupe?"

Ilikuwa amlodipini, 5 mg. Na hapa ndipo jina la familia linapowachanganya watu. Amlodipini na verapamili zote huziba milango ya aina moja ya kalsiamu, lakini hazishiki mahali pamoja wala kwa wakati mmoja. Amlodipini hupendelea mlango uliolala katika hali ya kufungika, na seli za misuli ya mishipa ya damu, ambazo umeme wake wa kupumzika si mkali kama wa moyo, huwa na milango mingi ya namna hiyo. Kwa hiyo mishipa inalegea, presha inashuka, na moyo wenyewe hauguswi sana. Hata mwenye moyo dhaifu anaweza kuimeza. Miguu ikivimba kidogo, ni mishipa iliyolegea. Verapamili ndiyo inayoufuata moyo na fundo lake.

Aliniuliza pia, akiwa mtu wa kuchunguza, mbona mikono ya mumewe haikulegea ikiwa dawa inazuia msuli. Jibu lake linapendeza vilevile: msuli wa mkono hausubiri kalsiamu ya nje. Mlango wake umeshikana na ghala moja kwa moja, ukitikisika tu ghala linafunguka. Moyo ndio unaoomba kibali kutoka nje kila pigo.

Nikamrudishia amlodipini yake, nikamsihi aimeze asubuhi ileile.

Siku ya nne, na baadaye

Majibu ya damu iliyopelekwa Mombasa yalirudi Ijumaa: digoksini 3.4 nanogramu kwa mililita. Kwa moyo dhaifu sasa tunalenga 0.5 hadi 0.9. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa 1997, wenye wagonjwa 6,800, ulionyesha kwamba digoksini haiongezi maisha ya wenye moyo dhaifu lakini hupunguza kulazwa hospitali, na ulipochambuliwa tena baadaye, waliokuwa na kiwango cha chini ndio walioonekana kufaidika. Kwa maneno mengine, nguvu nyingi haikuwa lengo tangu mwanzo, na dozi yake ya 0.25 tulikuwa tukiibeba kwa mazoea.

Alfajiri ya Ijumaa hiyo Bi mkubwa alikuja mbio kutoka kitandani kwa mumewe, tasbihi mkononi, uso umesawijika. "Mwanangu, yameharibika tena. Hayafuatani!"

Nilikimbia. Nilishika kifundo cha mkono mwenyewe. Mawili ya haraka, moja likachelewa, matatu, kimya, mawili. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti, wakanitazama wote. Umeme wa juu ulikuwa unapita tena.

Alitoka siku ya nane. Verapamili haipo tena, na jina lake limeandikwa kwa wino mwekundu kwenye daftari lake la kliniki, chini ya maneno "asipewe". Digoksini ni 0.125 mg, siku moja anameza, siku moja anapumzika, na damu inapimwa potasiamu na kreatinini kila mwezi. Dukani kwangu nimebadili jambo moja tu: simpi mtu yeyote digoksini kabla hajatoa kila alichonacho, mfukoni, mkobani, kwenye bahasha. Wazee wengine hukereka. Nawasubiri.

Wiki sita baadaye nilipita kwao jioni. Nahodha alikuwa barazani amevaa kanzu ya Ijumaa, na aliposimama alinionyesha upindo wake akaniambia ni nyeupe pe. Bi mkubwa akachukua mkono wake, akaitazama saa. Tulinyamaza dakika nzima. Mizunguko miwili na shanga nne.

"Lakini hazifuatani, mwanangu," alisema, bado amemshika.

"Hazifuatani, Bibi. Ndivyo tunavyozitaka."